Kifua cha Mzee Kasimiri

Jamani, mkisikia kwamba niliwahi kuwapa watu kumi na saba kifua kikuu kwa kalamu yangu mwenyewe mnacheka, haya chekeni, lakini mimi nikikumbuka nakasirika mpaka masikio yanapata moto, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Nilikuwa karani wa zahanati ya shamba moja la mkonge huku chini Same, kijana wa Mhezi niliyeshuka na cheti changu cha darasa la saba (nikiringa nacho utadhani cha udaktari). Shamba lilikuwa limeshataifishwa, tunaambiwa ni letu sote, na meneja tunamwita ndugu. Kazi yangu ilikuwa hii: tabibu anaandika maradhi ya mgonjwa daftarini, mimi natafuta namba yake kwenye orodha, naijaza kwenye fomu ya mwezi inayokwenda wilayani.

Mwezi ule walikuja watu wote wa chumba cha brashi, kule singa za mkonge zinakosuguliwa, vumbi likitanda kama unga kwenye mashine ya kusaga, watu kumi na saba, chafya juu ya chafya. Tabibu akaniambia, "Hawa usiwakosee. Wilaya wakiona wote wametoka chumba kimoja, watambana meneja awatoe kwenye lile vumbi." Chafya ilikuwa na namba yake, thelathini, "dalili nyingine za njia ya hewa", ila pembeni pameandikwa "eleza", maana yake ujaze karatasi ya maelezo kwa kila mgonjwa, nakala tatu. Kumi na saba mara tatu! Na siku yenyewe Ijumaa, lori la kupanda Mhezi linaondoka saa nane, na huko juu kulikuwa na binti mmoja (msiniulize jina). Sasa daftarini, kando ya chafya, tabibu alikuwa ameandika pia walivyosema wagonjwa wenyewe: "kifua". Nikapitisha kidole kwenye orodha, nikakuta kifua kikuu, namba nne, haitaki maelezo. Lile neno "kikuu" nililiona, nisiwadanganye. Nikajiambia kifua ni kifua, nikajaza nne mara kumi na saba, nikakimbilia lori.

Baada ya wiki mbili ikaja Landrova ya wilaya. Bwana afya akakusanya watu wote kwenye uwanja wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, wake na watoto wakiwemo, akasoma majina ya wenye kifua kikuu kwa sauti, mmoja mmoja. Kila jina likitajwa watu wanasogea mbali. Lilipotajwa la Mzee Kasimiri, mtu wa Songea aliyezeekea kwenye brashi, mkewe akamnyang'anya mtoto aliyekuwa amempakata.

"Nani kasema nina kifua kikuu?" akauliza Mzee Kasimiri.

Tabibu akanitazama. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mzee, wewe mwenyewe ulisema una kifua."

"Nilisema kinanibana! Kifua ninacho, baba yangu alikuwa nacho, hata wewe unacho!" Akafungua vifungo vya shati, akajipiga kifuani, vumbi likamtoka, akapiga chafya tatu mfululizo. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kuanzia hapo jina langu likawa Daktari Namba Nne.

Kicheko ningekimeza. Lakini tabibu alipoeleza kwamba ni vumbi, bwana afya akapekua orodha yake akasema vumbi si ugonjwa, halina namba, na yule ndugu meneja akadakia papo hapo, "Basi ni mafua. Karani, sahihisha, tumeshapoteza nusu siku." Tabibu akaninong'oneza, "Thelathini, bwana, andika thelathini!" Nilimsikia vizuri kabisa. Nikajifanya kiziwi, kwa sababu nilichotaka ni watu waache kunitazama tu, nikaandika mafua mara kumi na saba mbele ya kadamnasi.

Hakuna anayehamishwa kazi kwa mafua. Mchana uleule walirudishwa kwenye brashi, wote. Namchukia meneja yule mpaka leo, naichukia ile orodha, naichukia zaidi kalamu yangu iliyokimbia mara mbili, mara ya kwanza kwa uvivu na ya pili kwa woga. Niliapa sitaandika tena ugonjwa wa mtu kwa haraka ya gari wala kwa kumwogopa mkubwa, na kiapo nimekishika, ila kwa wale kumi na saba nilikuwa nimeshachelewa.

Jioni nikaenda kumwomba radhi Mzee Kasimiri, nikamkuta mlangoni kwake, mtoto amerudishwa mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akatabasamu, hana kinyongo hata chembe. "Kumbe mafua tu! Mungu mkubwa. Na mimi siku zote nilidhani ni lile vumbi."