Wakwe Wawili na Mshono wa Bomba

Kwa miaka kumi na moja Mama Cheche alimpiga Kobe vijembe kila siku ya kazi, Kobe naye akamrudishia palepale, na mabomba yao yakatoka salama. Mambo yaliharibika walipoanza kuheshimiana.

Wote wawili ni mafundi wa kuchomelea. Meli yao, ndefu kama mtaa, hutandaza bomba chini ya bahari kuunganisha kiwanda kilicho nchi kavu na visima vya gesi, huko kwenye kina kirefu. Ndani ya bomba itapita gesi, pamoja na mafuta mepesi yanayopanda nayo kutoka ardhini, majimaji kama mafuta ya taa. Kipande kimoja cha bomba kina mita kumi na mbili. Kinaletwa, kinaungwa na mwenzake, mshono unapigwa picha inayoona ndani ya chuma, kisha meli inasogea na bomba linateremka majini. Picha ikionyesha tobo, hata dogo kama chawa, mshono unakatwa na meli nzima inasimama kungoja.

Mshono mmoja ni wa watu wawili. Wanaanza pamoja juu ya bomba, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanateremka kila mtu na upande wake, wanakutana chini kabisa. Hawaonani, bomba liko katikati na nyuso zimefunikwa. Ndiyo maana Mama Cheche na Kobe walizipa sehemu za bomba majina ya mwili: utosi, bega, ubavu, tumbo. Mmoja akitangulia kufika tumboni, chuma chake kinapoa kabla ya mwenzake kuwasili, na hapo ndipo tobo huzaliwa.

Kazi hii Mama Cheche aliianzia kwenye karakana ya mjomba wake, kwenye mageti na vitanda vya chuma. Mjomba alisema mkono wa msichana hautulii juu ya moto. Kitanda cha kwanza alichokimaliza msichana yule, mjomba anakilalia hadi leo, na bado hajakubali kwamba alikosea. Baadaye aliolewa na fundi cherehani, mtu mpole mwenye maneno. "Mshono wangu ukifumuka, mtu anaona aibu," humwambia mkewe. "Wako ukifumuka, samaki wanahama."

Binti yao ni muuguzi. Mwaka huu friji la chanjo kituoni kwake liliharibika, akaja fundi kulitengeneza. Fundi huyo akarudi mara tatu zaidi kuliangalia friji ambalo halikuwa tena na ugonjwa wowote. Alikuwa mtoto wa Kobe. Posa ikaja, ikakubaliwa, watu wakafurahi.

Wazazi waliporudi melini, kila mmoja alikuwa na adabu mpya.

"Umeamkaje, mkwe?"

"Salama, mkwe. Tangulia wewe."

"Hapana, mkwe, tangulia wewe."

Wakishafunika nyuso, kimya. Nani amwambie mkwe wake kwamba anatambaa kama aliyekula chakula cha watu wanne? Kila mmoja akateremka na upande wake kwa heshima zote, na katika wiki moja mishono yao mitatu ikakatwa. Yote ilitoboka tumboni.

Msimamizi hakupandisha sauti. "Mnajua nawapenda," alisema. "Ukikatwa mwingine, mnashuka na helikopta ya Alhamisi, na nchi kavu kila mtu atapewa mwenzake mpya. Meli haiwezi kuwasubiri."

Mama Cheche alivua glavu. Mwenzake mpya, na umri huu? Na bomba lilibakiza kilomita tisa tu kufika visimani. Alitaka kulifikisha. Saa ya chai akampigia mumewe simu, akamweleza yote, mashine ya cherehani ikilia nyuma.

"Mikono yenu inatetemeka?" mume aliuliza.

"Haitetemeki."

"Chuma kibaya?"

"Chuma kilekile."

"Basi mnazungumza nini siku hizi mkiwa kazini?"

"Tutazungumza nini? Yule sasa ni mkwe wangu."

Cherehani ikanyamaza. "Na zamani ulijuaje amefika wapi?"

Mama Cheche akakumbuka. Zamani Kobe akifika begani alimtukania viatu. Akifika ubavuni alimtukania mapishi.

Alirudi kwenye bomba, akafunika uso, akawasha moto. Cheche zikamwagika. Upande wa pili palikuwa na kimya cha heshima.

"Kobe," alisema.

Jina hilo la utani lilikuwa limekaa kabatini tangu posa.

"Wewe Kobe, nimefika bega. Uko wapi, au bado unatafuta miwani?"

"Mkwe, tafadhali..."

"Mkwe wako yuko nyumbani anapika. Hapa nimemwuliza fundi."

Sauti ya Kobe ikaja, ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Niko begani. Nakungoja kama maji ya bomba."

"Unaningoja au umelala?"

"Punguza mwendo, mwanamke. Unakimbia kama umeiba."

"Ubavu."

"Ubavu. Na ile supu yako ya juzi, nimeshaisamehe, ila tumbo langu bado."

Kijana aliyekuwa akiwaletea vijiti vya kuchomelea alisimama kusikiliza. Msimamizi akaja mbio. "Nasikia matusi huku. Mnagombana?"

"Tunafanya kazi," walijibu pamoja, bila kuinua nyuso.

"Tumbo," akasema Mama Cheche.

"Tumbo," akasema Kobe, na mioto miwili ikakutana.

Mkaguzi aliupiga mshono picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama Cheche alijikuta akihesabu misumari ya sakafuni.

"Safi," mkaguzi akasema. "Leteni lingine."

Kobe alifunua uso wake, umelowa jasho, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lakini harusini yasifike haya. Mwanangu anaogopa hata kukutazama."

"Harusini nitakuheshimu mpaka ukome," Mama Cheche alisema. "Sasa inuka, hiyo ndoo ni yangu."