Mteremko Ulio Juu ya Maternite

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Kasongo, nilivaa koti ambalo kaka yangu alifungia ndoa. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni, na mtu aliyesoma kwa koroboi hujiona waziri. Mkubwa wetu, Kondakta wa Kazi, yaani msimamizi wa kazi za kuzuia mmomonyoko, alinitazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akanipa jembe.

"Ee, bwana harusi, adui wa mulima ni nani?"

"Ni mvua, shefu."

"Hapana. Mvua haina shida. Shida iko kwa maji yenye haraka. Siye tunalipwa kuyachelewesha."

Vijana, kazi yote ni hiyo. Yaliyobaki ni jasho. Tulikuwa na miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na jiwe linaning'inia katikati kwa kamba. Kamba ikitulia kwenye alama ya mti wa katikati, miguu yote miwili iko sawa. Unatia kigingi, unasogea. Vigingi vinakuchorea mstari unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka, na juu ya mstari huo unapanda vetiveri, majani magumu ambayo mizizi yake haitambai, inashuka wima. Mimi huwaambia watu kwamba ukiivuta kwa nguvu, mtu wa upande wa pili wa dunia anaona shamba lake linatikisika.

Kutoka Kasongo tulipelekwa Lusangi, nikajifunza kubishana na wenye mihogo, maana ukiung'oa muhogo kwenye mteremko umeyafungulia maji mlango. Halafu ikaja Salamabila.

Kule, juu ya maternite, yaani nyumba ya kujifungulia, mlima ulikuwa umepasuka. Ufa ulimeza mkono wangu hadi kwapani, na mikono yangu ni mirefu kuliko ya watu wote wa Maniema. Mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Mlima ukishuka, ungeshukia vitanda vya wazazi.

Kondakta alitaka kwanza kuujua udongo, kwa sababu wenye mchanga mwingi hukimbia na wa mfinyanzi hushikana. Akachota kidogo ndani ya beseni, akatia maji, akazungusha taratibu, akainama kuchungulia kilichobaki chini. Akapiga kelele kwa furaha: "Iko muzuri sana!"

Kufanya hivyo Kasongo ni kupima udongo. Kufanya hivyo Salamabila, mji wa dhahabu, kando ya njia ya wachimbaji, ni kutangaza sikukuu, maana dhahabu nayo huoshwa hivyo hivyo.

Kulipokucha, mteremko ulikuwa umejaa watu na masururu. Nusu ya Kongo ilikuwa pale, na nusu nyingine ilikuwa bado inatafuta pikipiki.

"Tokeni!" Kondakta akalia. "Hapa hapana dhahabu!"

Aliyewaongoza alikuwa mwanaume mnene waliyemwita Pedeje, kama wanavyoitwa wenye mashimo. Akacheka. "Shefu, kila mwenye kuipata anasema vile."

Hapo Mama Mkunga, mkubwa wa maternite, akatoka na sabuni mikononi.

"Pedeje! Watoto wako wote niliwapokea miye. Mwingine iko njiani leo, muke wako amelala chini ya hilo shimo lako. Unataka kumuzika?"

"Muke wangu? Iko humo?" Sururu likamwanguka. "Miye nilikuwa shimoni, sikuambiwa!"

Akalinyakua beseni, akaosha udongo mwenyewe mbele ya wote, akazungusha, akachungulia. Matope matupu. Akawageukia wenzake: "Tuzibe!" Basi ndipo nilipoona kazi! Watu waliozoea kutoboa milima, kuuziba mmoja kwao ni mchezo. Walijaza magunia yao ya mchanga, wakayapanga kama ngazi, nasi tukapanda vetiveri katikati, ili magunia yashike leo na mizizi ishike kesho. Chini tukachimba mtaro.

"Bwana harusi," Kondakta akaninong'oneza, "kumbe tangazo langu halikuwa baya."

Tulikuwa tunashindilia gunia la mwisho mvua ilipoanguka, si matone, ndoo. Tukajibana kwenye ukuta wa maternite, tukiyatazama maji. Maji yakashuka ngazi moja, yakapumzika, yakashuka nyingine, yakafika chini kwa adabu kama wageni wa mahari, yakapinda kwenye mtaro yakaenda zake. Na ndani mtoto akalia.

Pedeje alicheza kwenye matope hadi suruali ikasahau rangi yake. Alipokimbilia mlangoni, Mama Mkunga akamzuia.

"Kwanza panda shina moja pale ulipotoboa."

Tangu siku hiyo ikawa desturi: hakuna anayemwona mtoto kabla ya kupanda shina.

Sasa nimestaafu. Magoti yangu yanatabiri mvua vizuri kuliko redio. Juzi juzi binti yangu alijifungua katika maternite ile ile, nikasafiri kwa pikipiki kutoka Kasongo, nikafika nimejaa vumbi na hamu. Mama Mkunga, mzee sasa, alikuwa mlangoni ameshika jembe.

"Mama, huu mlima nimeupanda wote!"

"Ulipanda kwa mushahara, papa. Leo unapanda kwa mujukuu."

Nikapanda juu huku nacheka. Nilitafuta nafasi ya shina moja kwa muda mrefu sana, maana mteremko mzima ulikuwa umeshajaa.