Siku Niliyoving'arisha Vibamba vya Moraa

Wenzangu, mkinicheka sitawalaumu, maana hata mimi nikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa leso.

Mjukuu wangu Moraa alikuwa na kazi ya sayansi, na wawili wa kwanza pale shuleni wangekwenda Keroka kushindana na shule zingine, na mtoto huyo aliitaka Keroka mpaka chakula kikawa hakishuki. Kazi yenyewe (alinieleza tena na tena, maana mimi shule niliiacha ningali mdogo) ilikuwa hivi: gololi ya chuma inafungwa uzi kwa juu, inalalia kibamba kilichoinamishwa, ukiivuta kando na kuiachilia inabingirika kwenda na kurudi mpaka ichoke. Juu ya kioo inachelewa kuchoka, juu ya mpira inachoka upesi, hapo unajua ni kipi kinaishika zaidi. Vibamba vilikuwa vya kioo, mpira, mbao, na jiwe la Tabaka, lile la kuchonga vinyago.

Sasa, asubuhi ya mashindano, Moraa yuko bafuni, nikaliona lile jiwe limepauka kama magoti ya mchungaji. Mimi nimezaliwa Tabaka, marehemu mume wangu Ombati alikuwa mchongaji, na kwetu jiwe haliendi kuonwa na watu kabla halijapakwa nta likang'aa. Nta sikuwa nayo. Nilikuwa na mafuta ya kukamulia ya ng'ombe wangu Zawadi, yale mazito yanayonata. Nikapaka jiwe, likapendeza, nikaona cha mbao kinaona wivu, nikakipaka, kisha kioo, kisha mpira (ukimpamba mtoto mmoja, wapambe wote), nikavifunga kwenye leso safi na sikusema neno, nilitaka ashangae mwenyewe.

Alishangaa, ndiyo, lakini alifungua leso mwamuzi akiwa ameshasimama mbele yake. Nami nilikuwa kiti cha mbele, kando ya jirani yangu Kemunto, ambaye mjukuu wake Ondieki alileta jiko la kuni lisilo na moshi. Moraa akaachilia gololi juu ya kioo, ikayumba kidogo, ikasimama. Mpira, ikasimama. Jiwe, ikatulia kama kuku anayeatamia.

Mwamuzi, Madam Atieno, akauliza kwa upole, "Moraa, kwa hiyo kioo na mpira ni sawa?"

Mtoto akaivuta gololi tena, ikasimama tena. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Nikasimama.

"Kuna mtu amechezea vitu vya mjukuu wangu! Jiko la watu likitoa moshi, wanakuja kuzima moto wa jirani!"

Kemunto akageuka polepole. "Bosibori, ni mimi unaniambia hivyo?"

"Anayeumwa na tumbo ndiye hulishika!" nikamjibu, kidole kimemwelekea.

Madam Atieno akapitisha kidole chake juu ya kioo, akanusa. "Haya ni mafuta ya kukamulia."

Hata kidole nilichomnyooshea Kemunto kilikuwa bado kinanuka.

"Ya kukamulia," Kemunto akarudia, akianza kutabasamu. "Na mimi hata maziwa ya chai naomba kwako."

Moraa akanitazama. "Magokoro?" Hilo tu, yaani, Nyanya?

"Nilitaka ving'ae," nikasema, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko mpaka mkuu wa shule, Mwalimu Nyakundi, akashika meza asianguke.

Moraa akapewa nafasi arudie wengine wakimaliza. Nikavua viatu vya kanisani, nikapiga magoti bombani nikisugua kwa sabuni na majivu. Majivu yalitoka kwenye jiko la Ondieki, na aliyeyaleta ni Kemunto. "Sugua, mama mwenye ng'ombe," akaniambia, kisha akachuchumaa akanisaidia. Cha mbao kilikuwa kimeshakunywa mafuta, kikakataa kabisa, ikabidi Moraa akiweke kando. Lakini juu ya kioo gololi ilibingirika, ikabingirika, hata mimi nikasahau kupumua.

Ondieki akawa wa kwanza, Moraa wa pili.

Nimeapa: jiwe la sayansi lipauke linavyotaka, mimi simo. Ila kiapo changu hakuna aliyekiamini, kwa sababu asubuhi ya safari ya Keroka Moraa aliniambia, "Magokoro, mikono," nikainyoosha kama mtoto wa chekechea, akainusa yote miwili, ndipo akaenda kuchukua vibamba vyake kwa Kemunto, alikokuwa amevilaza.