Karani wa Kura Ubalozini

Zamani karani wa kura alikujua kwa jina la babako. Siku hizi mashine hutaka kidole, na vidole vya Mzee Ndirangu vimelika kwa saruji ya Doha. Ilimkataa mara tatu.

"Guka, vidole umeviacha saiti?" wakala mmoja wa chama alimtania, akimwita babu kwa Kikuyu.

Karani hakucheka. Alivipangusa kimoja kimoja kwa leso yake, taratibu, kama afutaye kikombe. Wapi! Mashine ikakataa tena. Ndirangu akageuka aende zake.

"Keti, guka. Sheria haijaishia kwenye mashine," karani alimwambia.

Akalitafuta jina kwa nambari ya kitambulisho, akawaita mawakala wa pande zote watie sahihi. Ndirangu akapiga kura.

Mara ya mwisho Ndirangu alimwona karani jioni, kupitia dirisha, akihesabu kura. Mzee alitega sikio ajue karani ni wa upande gani. Kila jina la mgombea lilisomwa kwa sauti ileile.