Masikio ya Mutoto wa Jirani

Mi nasuka nywele mbele ya nyumba yetu hapa Dilala, na nikisuka naota: siku moja nitakuwa na saluni yenye vioo ukuta mzima. Wateja wananicheka, nami nacheka nao. Asubuhi ile nilikuwa namsuka binti wa jirani yetu mchimbaji, mutoto wa miaka sita ambaye mama yake alifia Kasai. Nikawa namsimulia rangi ya viti nitakavyonunua. Hakujibu neno. Nilipomgeuza kichwa nifike nyuma ya sikio, harufu ya usaha ikanipiga puani. Chini yake, shingoni, alama za mkanda, mpya juu ya za zamani.

Nilimwita mama yangu. Aliangalia, akakaza kitenge, akaenda kumchukua mama mmoja wa ofisi ya mambo ya jamii pale komine, kwa serikali ya mtaa. Tukampeleka mutoto hospitali.

Baba yake alitukuta kule, ametoka machimboni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Docteur, namupigaka juu ya kiburi," alisema kabla ya kuulizwa. "Unaita, unaita, ye eko kimya tu! Ku maombi balisema roho mubaya iliziba masikio. Kila dimanche, siku ya ibada, tunatiamo mafuta ya maombi."

Daktari, dada bado kijana, hakumgombeza. Aliangalia alama zote, za shingoni mpaka za mgongoni. Mi nikafikiri tumemaliza, kumbe bado. Alifungua mdomo wa mutoto: meno ya nyuma yameoza. Akavuta kope: ndani ni weupe, damu imepungua mwilini. Chanjo? Baba hakujua. Mwisho daktari akasimama nyuma ya mutoto, akapiga makofi kwa nguvu. Mi nilishtuka. Mutoto aliendelea kuchezea kifungo cha blauzi yangu.

"Hasikii, tata," akamwambia baba. "Si kiburi. Sikio la kushoto limekwisha. La kuume tutalisafisha, tutalitibu, tuone kama litabaki na kitu. Mafuta, hapana tena."

"Sasa pale nilikuwa naita..." Baba akakatisha hapo.

Mama wa ofisi akaamua mutoto alale kwetu kwanza. Baba atakuja kumwona mchana, mama yangu akiwepo. Hakubisha. Aliuliza tu:

"Kumuaga, namuaga namna gani?"

"Usimwite kwa nyuma," daktari akamwambia. "Muguse bega polepole, ageuke, aone mdomo wako. Halafu useme."

Mutoto alikuwa anaangalia ukuta. Baba akainua mkono polepole, kama alivyoambiwa. Kivuli cha mkono kikapanda ukutani, na mutoto akajikunja chini, viwiko juu ya kichwa.

Mkono wa baba ukabaki hewani. Hakujua aupeleke wapi.

"Nilikuwa nakuaga tu, mama," akauambia ule mgongo mdogo.