Saba Yenye Kichwa Kidogo

Saba zangu zina kichwa kidogo sana, na nilizifanya hivyo makusudi. Mimi ni dalali wa mifugo hapa Karatu, na wafugaji wa Kakesio hunipa kazi ya kuwaandikia orodha ya chanjo. Kwao, kutaja hesabu kamili ya ng'ombe wa mtu ni kuwatakia kifo. Basi naandika saba inayofanana na moja. Mwenye mifugo anaridhika, bwana mifugo ananitazama, namkonyezea, anasoma saba. Hakuna aliyewahi kupungukiwa dozi.

Safari hii orodha zilisomwa na mashine. Dada mtaalamu wa mashine hiyo alinionyesha kwenye kompyuta yake: haikati tu kwamba hii ni saba au siyo, inapima kiasi. Yangu ilikuwa saba kwa sita juu ya kumi, moja kwa saba juu ya kumi.

Nikahesabu mara mbili. "Inakuja kumi na tatu. Dada, hata mnadani hatuibi hivyo."

"Si mafungu ya kugawana, mzee. Kila moja inapimwa peke yake."

Nikaipenda, nisiseme uongo. Mashine yenye shaka, kama mimi. "Na hiyo shaka inaipeleka wapi?"

"Inachukua iliyo kubwa, basi."

Siku ya chanjo, homa ya mapafu ilikuwa imeshaingia boma la jirani. Mama mmoja mjane alisimama na ng'ombe wake kumi na saba. Karatasi ilisema 11. Imepigwa chapa, safi, nyeupe, bila hata alama ya kuuliza. Wamepima shaka yangu, wakaiona, kisha wakaitupa kama maganda.

"Dalali," mama akaniita, "uliandika ngapi?"

Nikamtazama bwana mifugo, nikakonyeza. Akatazama karatasi.

"Taja, mzee. Kwa sauti."

"Usitaje!" mama akasema.

Nikataja. Mbele ya watu wote, kumi na saba. Mama akatema mate chini, karibu na kiatu changu.

"Dozi zimekuja kwa hesabu ya karatasi," bwana mifugo akasema. "Waliobaki wasubiri mzunguko mwingine."

Yaani nimetaja bure. Mwandiko wangu mwenyewe ulininukia mkononi.

Mama akawatenga wa kubaki, akiwagusa mgongo, akiwaita kwa rangi zao, bila kuwahesabu. Mimi niliwahesabu. Sita. Nikarudia: sita.