Salamu Kutoka Nyuma

Barabara ya Mwanga kwenda Ujiji ina njia ya waenda kwa miguu pembeni, na cherehani yangu iko hapo hapo barazani, kwa hiyo hakuna wa kunisimulia habari zake. Ilipojengwa tulifurahi. Tulisema sasa wazee wetu watatembea salama, hakuna tena kurukia mtaroni kukwepa lori. Furaha hiyo haikudumu. Baiskeli nazo ziliiona njia, zikaipenda, zikapanda.

Sizungumzii baiskeli za watoto wa shule. Nazungumzia zile zinazotoka Kidahwe na vijiji vya huko zimebeba madumu ya mawese, na zile za mkaa zenye magunia mapana kuliko mlango wangu. Nyingi hazina kengele. Breki ni kandambili ya mwenyewe, anaibana kwenye tairi na kumwomba Mungu. Kuna gunia lililowahi kunipitia na gauni la mteja, likaliburuta hadi kwa muuza chapati, na niliporudi nalo lilikuwa jeusi tii. Mwenye gunia hakugeuza hata shingo.

Nimegombana nao mpaka koo limekauka. Ninasimama katikati ya njia na mkasi mkononi, nawauliza kama hawaoni kwamba njia hii ni ya miguu. Siku moja bwana mmoja wa makamo, mwenye madumu, alisimama akanijibu kwa upole. "Mama, kule barabarani kuna malori. Nikifa, wanangu waje kula kwako?" Maneno hayo yakanizidishia hasira. Ni kweli dereva wa lori hamwoni mtu wa baiskeli. Lakini aliyemkimbia mkubwa ndiyo aje kumkanyaga mdogo? Mimi pia lori naliogopa, ila sijamgonga mtu kwa sababu hiyo.

Ningeweza kuyavumilia ya gauni. Kisichovumilika ni mama. Ninaishi naye, ni mzee sasa, na dada yake mkubwa yuko Ujiji mwanzoni, kitandani, miguu imekataa. Kila asubuhi mama hutia uji kwenye chupa ya chai, hufunga kipande cha mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, huchukua kikapu chake na kwenda kwa miguu. Bodaboda hapandi. Bajaji anasema inamkoroga tumbo. Nikimwambia ampe mtu mwingine chakula apeleke, ananitazama kama nimesema upuuzi, maana dada yake hasubiri uji. Anamsubiri yeye, wakae waongee Kiha chao na kuwacheka watu waliokwisha kufa zamani.

Na mama ni Muha wa kale. Kwao salamu si kitu cha kumrushia mtu njiani. Ukimsalimia anasimama, anakugeukia, anaweka mzigo chini, anainama kidogo na kupiga makofi taratibu huku anauliza: umeamkaje, watoto wameamkaje, shambani kukoje, mgonjwa wenu vipi. Hakuna kuondoka kabla hamjamalizana. Kumjibu mtu kwa mgongo, kwake ni sawa na kumtemea mate.

Sasa tazama ubaya unapoanzia. Hawa waendesha baiskeli wetu, pamoja na makosa yao yote, wamelelewa. Mzee hawamwambii "Pisha!" Wanamsalimia. Mtu anateremka kasi na mzigo wake, akiwa bado mbali anapaza sauti kutoka nyuma: "Mwakeye, mama!" Ni salamu ya asubuhi, tena ya heshima, na mtu wa kawaida akiisikia husogea pembeni na kuitika huku anatembea. Mama yangu hasogei. Mama yangu anasimama pale pale katikati ya njia, anageuka, anaweka kikapu chini, ili amwitikie mwenzake vizuri.

Asubuhi moja niliyaona kwa macho yangu, ndiyo kwanza ametoka barazani kwangu. Ni yule yule bwana wa makamo mwenye madumu. Aliita salamu. Mama akageuka, uso umechangamka, akainama, viganja vikakutana. Kofi la pili halikulia. Dumu la ubavuni lilimpiga begani, akaangukia mkono. Baiskeli ikalala, mawese yakamwagika mekundu juu ya vitofali, nikadhani yote ile ni damu ya mama. Sijui nilipiga kelele gani, lakini soko zima lilikuja.

Yule bwana aliyaacha mawese yake yamwagike. Alimbeba mama mpaka kwenye kiti changu, akapiga magoti mbele yake. Na mama, mkono unaning'inia, anamwuliza: "Watoto wameamkaje?"

"Wameamka vizuri, mama. Nisamehe, mama."

"Na mama yao?"

Nilitamani kuwachapa wote wawili.

Mkono ulivunjika kwenye kifundo. Hospitali walimfunga plasta, tukarudi nyumbani, watu wakaja kutoa pole. Hizo pole ndizo zilizonimaliza. Jirani yangu muuza vitenge, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, alikaa mkekani akatikisa kichwa. "Lakini yule mutu iko na adabu kabisa. Alimusalimia." Wenzake wakaitikia kwamba kweli, alisalimia. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kudai waweke nguzo pale njia inapoanzia ili baiskeli zisipite. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha na maji. Halafu akasema, "Angekuwa mhuni tungemshughulikia leo leo. Lakini huyu, fundi, alimsalimia mama." Nikamwambia uungwana ni vitendo, na salamu haina breki. Akacheka sana. Sikuwa natania. Aliahidi kulileta jambo hilo mkutanoni, na mkutanoni tukazungumzia takataka za mtaa mpaka jua likachwa.

Wakati mama anauguza mkono, nilipeleka uji mimi. Mama mkubwa alikunywa vijiko viwili akasukuma kikombe. "Mdogo wangu amekufa, mnanificha." Nikamwapia kwamba yu hai, ameumia mkono tu. Alinigeuzia uso ukutani. Kila siku uji nilirudi nao, na yeye alizidi kuwa mwembamba kitandani. Plasta ilipotolewa sikuwa na ujanja. Ilibidi mama arudi njiani, na nguzo hakuna, na baiskeli zimezidi.

Basi nilimwekea masharti. "Ukisikia salamu kutoka nyuma, usigeuke. Nenda kwenye ukuta wa maduka, simama, nyamaza mpaka ipite."

"Ninyamaze, na mtu amenisalimia?"

"Ndiyo."

"Atanionaje?"

"Akuone anavyotaka. Ukikataa, huendi Ujiji."

Alitazama chupa ya uji. Akakubali, kwa ajili ya dada yake.

Tangu siku hiyo anarudi mzima, na mama mkubwa anakula. Ningepaswa kushukuru. Lakini zamani mama alikuwa anarudi na habari za njia nzima: nani amejifungua, nani amepata barua ya posa, dagaa wa Ilagala wameshuka bei. Siku hizi anarudi, anaosha chupa, anakaa. Mteja wangu mmoja alikuja kupimwa akanung'unika kwamba mama amekuwa na kiburi, yeye amemsalimia njiani, mama akampa mgongo. Nilimchoma pini kwa bahati mbaya, ingawa sina hakika sana na hiyo bahati mbaya. Nani wa kumlaumu? Bwana wa mawese anaogopa lori, mwenyekiti anapenda adabu, na mama yangu ndiye anayejifunza utovu wa adabu uzeeni.

Juzi nilifunika cherehani mapema nikaenda kumpokea, tukapishana penye watu bila kuonana, nikageuka kurudi. Nilimwona mbele yangu, anatembea karibu na kuta za maduka, kikapu kiko kwenye mkono ulio mzima. Alikuwa mdogo kuliko nilivyozoea kumwona nyumbani. Nikajawa na furaha tu kumwona anatembea, nikaita kutoka nyuma, "Shikamoo, mama!"

Alikwenda ukutani. Akasimama uso ukikaribia kugusa rangi ya ukuta, kikapu amekikumbatia kifuani, kimya, anasubiri nipite.

Nikafika, nikamshika bega. "Mama, ni mimi."

Hakugeuka.

"Una baiskeli?" akaniuliza.